Kidonda cha Ami Khalfan

Mkifika wodini siku ya mwanzo, wanangu, mtaonyeshwa kabati la dawa, mtaonyeshwa mafaili, mtaonyeshwa pa kunawia mikono. Yote hayo sawa. Lakini mie nakuombeni jambo moja: mwambieni mkubwa wenu akuonyesheni migongo. Mgonjwa aliyelala miezi, habari zake haziko usoni. Usoni atakwambia "alhamdulillahi, sijambo," kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mgeuze. Tazama kifandugu, pale mwisho wa uti wa mgongo, tazama nyonga, tazama visigino. Hapo ndipo utakapojua kama mtu huyu anatunzwa au kawekwa tu.

Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda. Nilianzia Nizwa, huku huku Oman, wodi ya watu wote, kisha mapema miaka ya tisini nikahamishiwa Ibra, kwenye nyumba ya kutunzia askari wa zamani. Wengine waliumia vitani kusini, wengine kwa ajali za magari ya jeshi, wengine ni sukari iliyowala miguu baada ya kustaafu. Waliletwa wakiambiwa ni kwa muda mdogo, wakakaa miaka. Na si wachache waliokuwa wakisema Kiswahili: wazaliwa wa Unguja kama mie, na wazaliwa wa bara, waliokuja Oman vijana wakaingia jeshini kwa sababu jeshi ndilo lililokuwa likichukua watu. Aliyetuongoza sote alikuwa Mhindi wa Kerala, Sista Rosamma, aliyekuwa akichanganya Kiarabu, Kiswahili na lugha ya kwao katika maneno matano, na kila mtu akamfahamu.

Zama hizo tulikuwa tukivikausha vidonda. Tukiviwashia taa vipate joto, tukivibandika shashi kavu, na asubuhi tunaibandua shashi ile pamoja na ngozi changa iliyoota. Tulifundishwa hivyo, tukaamini kuwa ndio usafi. Rosamma hakupenda. Alikuwa akiimwagia shashi maji ya chumvi, anangoja mpaka ilainike, anatuambia, "Hii imelala na yeye toka jana. Mbona mnataka kuwaachanisha kwa ugomvi?" Kisha zikaja bendeji mpya zinazokiacha kidonda na unyevu wake, wakubwa wakatuita kutufundisha, na Rosamma akakaa kiti cha mbele akiandika kama mwanafunzi, hakusema hata mara moja kuwa yeye alikwisha sema.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuitazama bendeji ya jana kabla sijaitupa. Imeloa wapi, rangi gani, ina harufu gani. Yeye pia ndiye aliyepata dawa ya kuwageuza wazee. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila saa mbili, nanyi mtaona wenyewe namna wanavyochukia. Basi siku moja Rosamma, na ufupi wake ule, alisimama katikati ya wodi akapiga ukelele kwa Kiarabu cha jeshini: "Kulia, geuka!" Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Lakini waligeuka. Tangu siku hiyo ikawa ndio ada, na mmoja wao aliyekatwa mguu akajipa cheo, tukichelewa sisi anapiga amri yeye.

Sasa nikuelezeni habari za Ami Khalfan.

Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, ubavuni mwa dirisha. Alikiomba mwenyewe, ili harufu yake itoke nje kabla haijawafikia wenzake. Alizaliwa Shinyanga, baba yake akiwa na duka huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara hasa. Mie nikisema "njoo nikufahamishe" yeye hucheka, anasema watu wa Unguja tunaongea kama tunaimba. Jeshini alikuwa dereva. Alipita miaka yote ya vita hana hata mkwaruzo, kisha vita vimekwisha, njia nyeupe, mchana kweupe, lori likapinduka naye. Uti wa mgongo ukakatika. Kutoka kiunoni kushuka chini alikuwa hasikii kitu. Mkewe alikwisha kufa, na binti yake mmoja, Asya, akiwa mdogo, akachukuliwa na ami yake akalelewa Jalan Bani Bu Hassan.

Alipoletwa kwetu alikuwa na kidonda cha kulalia kwenye kifandugu. Ngumi ya mtu mzima ingeingia. Ndani mfupa ulikuwa ukionekana. Kidonda kama hicho hakitaki dawa kubwa kuliko kuondolewa uzito, kwa hivyo tukamlaza kifudifudi, mito kifuani, mito mapajani, miezi ikawa miaka. Mtu aliyelala kifudifudi dunia yake ni sakafu na miguu ya watu. Alikuwa akitujua kwa viatu.

"Zuwena," alikuwa akiniambia, "kiatu chako cha kushoto kinakwisha upande. Unatembea vibaya."

Harufu ya kidonda kile, wanangu, sikuficheni. Ilikuwa inakaa kwenye nguo zangu mpaka nyumbani. Jamaa za wagonjwa wakija hufukiza ubani na udi ili kuifunika, nami nakusihini msikubali. Harufu mbili zikikutana hupatikana ya tatu, na mgonjwa akishapona hawezi tena kusikia ubani asitapike. Harufu haifunikwi, inaondolewa inakotoka.

Asya alikuwa akija kila Ijumaa na ami yake. Akifika mlangoni tu, baba yake anaviona viatu vyake chini ya vitanda, anamwambia kwa sauti, "Hapo hapo, Asya. Hapo panatosha." Basi msichana anasimama pale mlangoni, anazungumza na baba yake mbele ya wodi nzima, anampa habari za shule, kisha za kazi, maana wakati huo alikwisha anza kusomesha. Wazee wengine huku wamelala macho juu, wanajifanya hawasikii.

Ijumaa moja alikuja kumwambia kuwa kaposwa. Kijana anaitwa Badar, wa Sur, watu wa bahari zamani, yeye mwenyewe fundi wa umeme. Ami Khalfan akasema, "Sawa. Mungu awabariki. Nenda sasa, jua kali."

Nilimkuta ukumbini analia, kajigeuzia ukutani.

"Khalati," akanambia, "baba hamtaki Badar."

"Kakwambia nani?"

"Hata hakuuliza mtoto wa nani. Hataki hata nimsogelee."

"Hajataka umsogelee tangu siku aliyoletwa hapa," nikamwambia. "Si Badar, mwanangu. Ni harufu."

Alinitazama kama mtu anayengoja nimalize. "Harufu gani?"

"Ya kidonda chake. Anakuonea haya."

"Hiyo tu?" Akajifuta uso kwa ncha ya buibui. "Miaka yote hii nimesimama pale mlangoni, kwa hiyo tu?"

Akawa anataka kuingia pale pale. Nilimshika mkono. Nilimwambia si leo, ukimwingilia ghafla utamvunjia heshima yake, na heshima ndiyo aliyobaki nayo. Nipe siku nifanye kazi yangu.

Nilikaa na Rosamma na daktari wetu, Msudani mmoja mpole. Tukakubaliana. Kila siku nikawa nakata nyama iliyokufa kidogo kidogo kwa mkasi, mpaka pale inapoanza kutoa damu, hapo nasita. Nikishakisafisha kwa maji ya chumvi naweka vidonge vilivyosagwa, vile vile wanavyopewa watu kwa vijidudu vya tumbo, na bendeji nabadilisha mara nyingi zaidi. Chini ya kitanda tukaweka sinia la makaa makavu, maana mkaa unanyonya harufu. Rosamma akanigombesha kwa kutia makaa machafu sakafuni kwake, kisha kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyeyabadilisha.

Asubuhi moja, namletea chai, Ami Khalfan akanambia, "Zuwena."

"Labeka, ami."

"Leo nimesikia harufu ya chai yangu."

Ijumaa iliyofuata, Asya alipofika mlangoni akangoja kama desturi. Baba yake hakusema kitu. Nikamfanyia ishara. Akapita katikati ya vitanda polepole, akafika, akambusu baba yake kichwani. Ami Khalfan aliuziba uso wake kwa mto. Sote tulipata kazi za kufanya upande wa pili wa wodi, hata wale wasioweza kuondoka vitandani wakaelekea ukutani bila ya kupigiwa amri.

Badar alikuja wiki zile zile kumjua mkwewe. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, Kiswahili chake ni cha kwa bibi yake, ngeli hazikai. Akaona si adabu kuja mikono mitupu, akapitia Ashkhara kwa wavuvi, akaleta papa mkavu mfuko mzima. Mnajua papa mkavu akifungwa garini mchana wa joto letu hili la Sharqiyah. Mlango ulipofunguliwa, wodi yote ikashika pua. Yule mzee wa amri akauliza, "Nani kafa?"

Ami Khalfan, kifudifudi pale, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mwambieni aje," akasema. "Huyu ni mwenzangu."

Basi akampenda. Lakini hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, maana sasa alitaka kumwozesha binti yake mwenyewe, kwa mkono wake, na nikaha ilikwisha pangwa Sur, nyumbani kwa kina Badar.

"Nitakwenda," akasema.

Daktari alimweleza vizuri. Kutoka Ibra mpaka Sur ni safari ya kukaa kitako garini, kisha kukaa kitako nikahani, kisha kurudi. Kidonda kimeanza kujaa nyama nyekundu, nyama hiyo ni laini kama maini, itasagika. Na kikioza upya, safari hii mfupa utaingia vijidudu, na hapo hatuna dhamana.

Ndugu yake, yule aliyemlea Asya, akamwambia kwa upole, "Nikuwakilishe mimi. Sheria inaruhusu. Hakuna aibu ndani yake."

"Najua inaruhusu," Ami Khalfan akajibu. "Wewe umemlisha, umemvisha, umemsomesha. Umenifanyia kila kitu ndugu yangu. Hili moja niachie."

Siku ile nilimfunga kama kawaida. Kisha akasema huku chini, kama anaiambia sakafu, "Mimi ninayeoza ndiye ninayetaka kuoza. Kiswahili hiki nacho." Hakucheka. Nami sikucheka. Niliendelea kubandika bendeji.

Alinambia tena, "Zuwena, sema kweli. Nikienda, nitakufa?"

Mtaulizwa suala hili, wanangu, na atakayekuulizeni hatamuuliza daktari, atakuulizeni nyie kwa sababu nyie ndio mliomwona kote. Msikimbie. Nilimwambia, "Ami, sijui. Lakini nimeshaona waliokwenda kwa sababu ndogo kuliko hii, wakarudi na homa, na homa ile haikushuka."

"Basi kidonda hiki ni cha nani? Changu au chenu?"

"Chako."

"Basi nitakwenda."

Aliyelitatua jambo hili ni Asya. Ilikuwa Ijumaa, kakaa juu ya sakafu ubavuni mwa kitanda, kama alivyokwisha zoea. Akasema, "Baba, kwa nini uende wewe? Waje wao. Wana miguu."

Ilionekana rahisi hivyo, lakini haikuwa rahisi. Baba yake Badar alikuwa mtu wa heshima zake Sur, kaalika watu, na aliposikia nikaha ya mwanawe ifungwe kwenye wodi ya wagonjwa alikataa. Alisema watu watasema nini, tena ni fali mbaya kuanza ndoa palipo na maradhi. Zikapita siku hatukupata jawabu. Asya aliacha kuja, akiona haya kuleta habari isiyokuwepo. Ami Khalfan akawa haniambii kitu kuhusu viatu vyangu. Chakula alikuwa anarudisha. Na nakwambieni, kidonda kinajua mtu asipokula. Ile nyama nyekundu ilianza kupauka.

Kisha Badar akaja peke yake, siku ya kazi, na nguo zake za kazi, vumbi la njia limemjaa. Akasimama mbele yangu akasema, "Khalati, baba yangu kakubali. Tunakuja baada ya Asri, Alhamisi. Lakini yeye bado kakasirika kidogo."

Alhamisi ile wodi haikuwahi kuwa vile. Wazee walitaka kanzu, walitaka vilemba, wasiokuwa na mkono wakataka wafungiwe vilemba na wenye mikono. Rosamma alileta sufuria ya chakula kutoka kwake ambayo hakuna aliyemwomba. Mie nilimfunga Ami Khalfan mapema, bendeji mbili juu ya ile ya desturi, nikabadilisha makaa, nikamvisha kanzu nyeupe kwa kuipasua nyuma ili asibinuliwe, nikamfunika shuka. Kilemba alijifunga mwenyewe, kwa mikono yake, hana kioo, na kilikaa sawasawa.

Nilikuwa nimekusudia kukipandisha kitanda juu kwa mkono wa chuma, ili wageni wakisimama aweze kumpa mkwewe mkono. Lakini walipoingia, sheikh mbele, baba yake Badar nyuma, uso umekaza, na wanaume wengi kuliko nilivyotazamia, kile chuma kikakwama. Hakipandi, hakishuki. Mie niko nyuma ya pazia, kwa sababu niko kazini lakini si mahali pangu, navuta chuma, jasho linanitoka. Wale wanaume wamesimama kukizunguka kitanda, wanatazama mgongo wa mtu. Hakuna aliyeuona uso wake. Baba yake Badar akatazama dirishani. Nikaona Ami Khalfan anajaribu kunyanyua shingo, anashindwa, anajaribu tena.

Badar akavua viatu. Akakaa chini kwenye sakafu tupu, akajisogeza mpaka chini ya ukingo wa kitanda, akainua uso. Wakaonana.

"Salamu alaikum, ami," akasema.

"Alaika salamu, mwanangu. Utachafua kanzu."

Sheikh naye akakaa. Wakakaa wengine, mmoja mmoja, wanakunja miguu kama msikitini. Baba yake Badar akabaki kasimama peke yake, mtu mzima, kilemba cha thamani, mkongojo mkononi. Kisha akamwambia yule mzee wa kitanda cha jirani, "Nishike mkono, ndugu yangu, magoti yangu haya," naye akashuka chini taratibu.

Ami Khalfan akateremsha mkono wake wa kulia kutoka kitandani. Badar akaupokea. Sheikh alianza kumsomea maneno ili ayafuate, akamwambia, "Sihitaji kusomewa, sheikh. Nimeyasoma hapa kila siku." Akayasema yote mwenyewe, kwa Kiarabu kilichonyooka: nimekuoza binti yangu Asya. Badar akajibu kuwa kakubali. Kwenye chumba cha wauguzi, Asya alikuwa kakaa na Rosamma, mlango uko wazi kidogo, akaisikia sauti ya baba yake. Hakuna aliyepiga vigelegele, ni nyumba ya wagonjwa. Rosamma peke yake ndiye aliyesahau.

Kesho yake niliifungua bendeji nikiwa na hofu. Kidonda kilikuwa vile vile, safi. Asya alikuwa kasimama pembeni, aliniomba akione. Alikitazama, rangi ikamtoka, akashika ukingo wa kitanda. Nikadhani ataanguka. Kisha akauliza, "Khalati, mie nishike nini?"

Nikampa shashi. Ndivyo alivyoanza. Kwa mwaka na zaidi alikuwa akija na kujifunza, mpaka nikawa mie ndiye ninayeshika shashi. Zikaja zile mashine za kuvuta maji kidondani ambazo nyie leo mnaziona kitu cha kawaida, nacho kikapungua, kikawa kama yai, kama ukucha, kikafunga. Likabaki kovu jembamba, jeupe, ambalo lilitaka kutazamwa kila siku kama mtoto mchanga. Asya na Badar wakamchukua kwao Sur. Sikuamini kuwa nyumbani wangeweza, na nilikwenda mara kadhaa kumgeuza nimtazame mgongo. Sikupata la kuwarekebisha.

Aliishi kwao miaka, akaona wajukuu. Kilichomchukua ni figo, si kidonda. Nilipopata habari nilipanda gari na mume wangu mpaka Sur, nikakuta wamekwisha zika. Nilikaa na Asya ndani na wanawake wenzangu. Wakati wa kuondoka Badar alitufuata nje mpaka garini. Mvi zilikwisha mwingia ndevuni.

"Khalati," akanambia, "mimi ndiye niliyemwosha. Mimi na ami yake Asya."

"Mungu akulipe."

"Tulipofika mgongo, pale kovu yake, mimi nimwaga maji polepole. Najua pale hasikii. Hata akiwa hai, pale hasikii. Lakini mimi nimwaga polepole." Akanitazama kama mwanafunzi anayengoja kusahihishwa. "Ni makosa?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ndivyo panavyooshwa."